Kupaka Vipande vya Gari Rangi ya Unga: Ufanye Nyumbani, Upeleke Karakana, au Ubaki na Rangi ya Kupuliza?

Mwenye gari wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma ambaye rimu zake zimeanza kuchubuka, au ambaye kalipa za breki na vyuma vya chini ya gari vimeshikwa na kutu, ana njia nne za kuvirudishia rangi. Anaweza kununua bunduki ndogo ya rangi ya unga na kuoka vipande nyumbani katika oveni ya umeme aliyoitenga kwa kazi hiyo pekee. Anaweza kuvipeleka katika karakana yenye tanuri kubwa, ambayo mara nyingi kazi yake ya kila siku ni madirisha ya alumini, milango ya chuma na samani. Anaweza kumpa fundi wa jua kali avipulizie rangi iliyochanganywa na hadina, yaani kimiminika cha kuifanya iwe ngumu, ile ambayo mafundi huiita tu-kei. Au anaweza kununua makopo ya kupuliza dukani na kuifanya kazi mwenyewe uani Jumamosi moja.

Rangi ya unga, kwa asiyeifahamu, ni unga mkavu wa plastiki uliosagwa laini na kuchanganywa na rangi. Bunduki huupa unga huo chaji ya umeme, na kipande kilichounganishwa na waya wa ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, huuvuta ukakishikilia pande zote. Kisha kipande huingizwa katika oveni, unga huyeyuka, hutambaa, na chembe zake hufungamana kikemikali kiasi kwamba hata ukiupasha moto tena hauyeyuki. Hakuna thina, hakuna kusubiri ikauke, na tabaka moja hufikia unene wa mikroni 60 hadi 100, ambao kwa rangi ya kawaida hupatikana kwa kurudia tabaka kadhaa.

Vigezo nitakavyotumia ni sita: asili na ukubwa wa kipande, matayarisho, hali ya hewa ya kwetu, uimara barabarani, usalama wa mtu na nyumba, gharama, pamoja na jambo moja dogo la mwisho, yaani urahisi wa kurekebisha rangi ikichubuka. Havina uzito sawa. Kwa maoni yangu cha kwanza na cha tano ndivyo vinavyopaswa kuamua, na vingine vifuate, ingawa watu wengi huanza na bei.

Kipande chenyewe

Oveni ndiyo inayoweka mpaka kwa anayefanya kazi nyumbani. Rimu ya inchi 14, ukiipima ukingo hadi ukingo, ina upana wa karibu sentimita 39, na ya inchi 15 hukaribia sentimita 42, kwa sababu kipimo cha inchi huhesabiwa pale tairi linapokaa wala si kwenye ukingo wa nje. Oveni ya jiko la kawaida lenye upana wa sentimita 60 ina nafasi ya ndani ya takriban sentimita 45, na rimu inapaswa kuning'inia bila kugusa ukuta wala kukaribia waya wa moto. Kwa hiyo, nyumbani utaweza kuoka kalipa, mabano, kava ya valvu, puli, kishikio cha betri na vifuniko vya katikati ya rimu, lakini rimu yenyewe itakulazimu uunde tanuri la bati lililozungushiwa sufu ya mwamba. Wapo wanaogeuza friji mbovu kuwa tanuri; hilo ni la kuepukwa kabisa, kwa kuwa povu lililomo ndani ya kuta zake likiungua hutoa gesi zenye sumu kali.

Karakana yenye tanuri kubwa haina kikwazo hicho. Huko unaweza kupeleka rimu zote nne, fremu ya pikipiki, bampa ya chuma ya Land Cruiser au keria ya juu, zikaokwa kwa mkupuo mmoja na kutoka na rangi isiyotofautiana. Rangi ya hadina na makopo hayana mpaka wa ukubwa, kwa sababu hayahitaji oveni.

Hata hivyo, viko vipande ambavyo havipaswi kuingia katika oveni yoyote, iwe ya nyumbani au ya karakana. Shokomzoba ina mafuta na mara nyingi gesi yenye shinikizo, na ikipashwa hadi nyuzi 200 inaweza kupasuka na kuua mtu. Tangi la mafuta lililowahi kutiwa petroli lina mvuke unaobaki kwa muda mrefu hata baada ya kuoshwa. Kipande chochote chenye bushi ya mpira, sili au beringi iliyojaa grisi lazima kifunguliwe kwanza, na bomba lililochomelewa pande zote bila tundu la kupumua lisiokwe. Milango na mabawa yaliyonyooshwa kwa bodi fila, ile lipu ya kujazia mibonyeo, hayafai pia, kwa sababu fila haivuti unga na haistahimili joto hilo. Kwa sehemu za bodi, basi, rangi ya hadina haina mpinzani, na fundi anaweza kuichanganya ifuate namba ya rangi ya gari, wakati unga huuzwa kwa rangi zilizokwisha pangwa, kama vile nyeusi ya RAL 9005 au fedha ya RAL 9006, namba za orodha ya rangi inayotumiwa viwandani.

Rimu za aloi zinahitaji neno la pekee. Nyingi huimarishwa kiwandani kwa joto, na hatua ya mwisho ya uimarishaji huo hufanyika katika joto la chini kuliko lile la kuoka unga wa kawaida. Ukizioka kwa nyuzi 200 kwa muda mrefu, au ukazioka mara kwa mara kila unapotaka kubadilisha rangi, unapunguza nguvu ya aloi bila dalili yoyote kuonekana kwa macho. Karakana yenye tanuri linalopimika vizuri na unga unaoiva kwa joto la chini inaweza kuifanya kazi hii. Tanuri la kubuni la nyumbani, ambalo kona moja ina moto kuliko nyingine, siliamini kwa rimu ya aloi itakayobeba familia kushuka kutoka Timboroa. Rangi ya hadina, inayokauka katika joto la kawaida, haina hatari hiyo hata kidogo.

Jambo jingine ambalo huzungumzwa mara chache ni nyufa. Mashimo ya barabara hupinda na kupasua rimu, na nyingi zilizoko sokoni zimewahi kunyooshwa na kuchomelewa. Tabaka nene la unga hufunika ufa mwembamba vizuri mno kuliko rangi nyepesi. Kabla ya kupaka kwa njia yoyote, rimu isafishwe hadi chuma kitupu na ikaguliwe ndani na nje chini ya mwanga mkali, na yenye ufa isipakwe.

Kwa ekzosi na manifoldi, kopo la kupuliza ndilo linaloshinda, tena kwa mbali. Unga wa kawaida huharibika joto likizidi kidogo lile la kuokea, lakini zipo rangi za silikoni za makopo zilizotengenezwa kustahimili nyuzi 500 na zaidi, ambazo huiva kwa kuwasha injini na kuizima kwa awamu, kama kopo linavyoelekeza.

Matayarisho

Hapa njia zote nne zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Rangi haishiki kwenye grisi, wala kutu haikomi kwa kufunikwa. Kipande kioshwe kwa sabuni ya kuondoa mafuta, rangi ya zamani iondolewe, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya au msasa, kisha kifutwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi na kisiguswe tena kwa mikono mitupu.

Tofauti iko katika kiwango cha usafi kinachodaiwa. Makopo husamehe kidogo, kwa sababu praima nyingi, yaani rangi za tabaka la kwanza, hushika hata juu ya rangi ya zamani iliyopigwa msasa. Rangi ya hadina ikiwa na praima ya epoksi chini yake hushika vizuri kwenye chuma kilichosuguliwa kwa mkono. Unga hausamehi: rangi ya zamani ikibaki huzuia chaji na kutoa mapovu ndani ya oveni, na mafuta yaliyojificha katika vinyweleo vya alumini iliyomiminwa, kama ile ya kava ya valvu, hutoka wakati wa kuoka na kuacha vitundu vidogo vinavyoonekana kama vimechomwa kwa sindano. Dawa yake ni kukioka kipande kikiwa kitupu kwanza, kwa joto la juu kidogo kuliko lile la unga, hadi mafuta yote yatoke, kisha kukifuta na kupaka. Anayefanya kazi nyumbani mara nyingi huruka hatua hii kwa sababu inaongeza saa nzima. Karakana nayo huiruka kwa sababu madirisha ya alumini hayaihitaji. Uliza.

Njia bora ya kusafisha ni kupiga mchanga kwa kompresa, na karakana kubwa nyingi huifanya. Kwa anayetaka kuifanya mwenyewe, mchanga wa mtoni usitumike. Vumbi lake lina silika inayokaa kwenye mapafu na kuyaharibu polepole bila tiba. Tumia punje za ganeti au oksidi ya alumini. Pia, desturi ya kuosha vyuma kwa petroli iachwe kabisa ikiwa kipande kinakwenda kwenye oveni.

Kisha kuna kuziba. Katika rimu, uso unaokaa kwenye habu, tundu la katikati na hasa viti vya nati havipaswi kupakwa. Unga mnene ukiwa chini ya nati hujibana taratibu gari linapotembea, nati hulegea, na tairi linaweza kuchomoka. Nyumbani utahitaji plagi za silikoni na tepu inayostahimili joto, kwa kuwa tepu ya karatasi ya kawaida huungua. Karakana inayopaka madirisha huenda haina plagi hizo kabisa, hivyo swali liulizwe kabla ya kuacha mzigo: "Fundi, viti vya nati utaviziba na nini?" Anayejua kazi atakuonyesha plagi. Akijibu, "Hiyo haina shida, boss, itajikaza yenyewe," chukua rimu zako. Na kwa njia yoyote uliyotumia, kaza nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100, na magurudumu yapimwe mizani tena.

Hewa ya Kisumu na upepo wa Nakuru

Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 kando ya ziwa, na hewa yake ina unyevu mwingi. Nakuru iko karibu mita 1,850, ni baridi na kavu zaidi, na katika miezi ya kiangazi vumbi halikosekani. Kila njia huathirika kwa namna yake.

Unga huchukia unyevu na joto. Kopo la unga lililoachwa wazi katika chumba chenye joto la mchana la Kisumu hushikana mabonge, na bunduki huanza kutema vipande badala ya kupuliza ukungu sawia. Uhifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa, mahali pasipozidi nyuzi 25 ikiwezekana. Kompresa nayo hukusanya maji tangini, na tone moja likifika kwenye bunduki huharibu kipande kizima, kwa hiyo kichujio cha maji ni lazima na tangi limwagwe maji kila siku ya kazi. Chuma kilichosafishwa asubuhi Kisumu kinaweza kuonyesha wekundu wa kutu kabla ya jioni. Kipakwe siku hiyo hiyo.

Rangi ya hadina na makopo huathiriwa zaidi na kile kinachoruka hewani. Nakuru ni vumbi. Kisumu, wadudu wa ziwani wanaovutwa na taa jioni hunasa kwenye rangi mbichi, na makopo yanayokauka haraka mno yakitumiwa hewa ikiwa na unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi. Unga hauna kipindi cha ubichi nje ya oveni, na una fadhila ambayo naipenda sana: kabla ya kuoka, ukiona umekosea, au mtoto amegusa, unaupuliza wote kwa hewa na kuanza upya bila hasara kubwa.

Umeme kukatika ni tatizo la nyumbani zaidi kuliko la karakana yenye jenereta. Stima ikipotea katikati ya kuoka, usifungue mlango. Ikirudi, pasha upya na uhesabu muda wote tangu mwanzo. Muda wenyewe, ambao mara nyingi ni dakika 10 kwa nyuzi 200 au dakika 20 kwa nyuzi 180 kadiri kopo linavyosema, huhesabiwa tangu chuma kilipofikia joto hilo. Oveni kuonyesha 200 hakutoshi. Hapa ndipo wengi hukwama. Kalipa nzito ya chuma hubaki nyuma ya oveni kwa dakika nyingi. Ukichungulia kupitia kioo utaona unga mkavu usiong'aa ukianza kuloa kwenye kingo nyembamba, kisha mng'ao ukitambaa taratibu kuelekea katikati palipo pazito. Mng'ao ukishafunika kote, bado chuma kinazidi kupanda joto, na saa ianzishwe tu kipimajoto kilichogusa chuma kinaposema kimefika. Baada ya kupoa, sugua sehemu iliyofichika kwa kitambaa chenye asetoni: ikilainika na kutoa rangi nyingi, haijaiva.

Uimara barabarani

Unga ulioiva vizuri hustahimili mawe ya murram, matope na kuoshwa kwa shinikizo kuliko njia nyingine tatu. Rangi ya hadina hufuata kwa karibu, na ikiwa na praima ya epoksi tofauti hiyo hupungua sana. Makopo ya kawaida yako nyuma: tone la mafuta ya breki huyakunja ndani ya muda mfupi, wakati unga na hadina hukupa nafasi ya kufuta. Yapo makopo yenye hadina ndani yake ambayo hubonyezwa kitufe kabla ya kutumiwa, na hayo huwa imara zaidi, ingawa yakishachanganywa hayawekeki.

Aina ya unga ina uzito kuliko wengi wanavyojua. Epoksi hushika sana na huzuia kutu, lakini jua huifanya ipauke na kutoa unga mweupe, na sisi tuko kwenye ikweta. Kwa rimu na keria tumia poliesta. Epoksi iwe tabaka la chini au ibaki kwa vipande vilivyofichika. Karakana ya madirisha ya nje hutumia poliesta kwa kawaida, lakini ya samani za ndani huenda ikawa na epoksi au mchanganyiko wa viwili hivyo, na ukipokea rimu siku ya kwanza hutaona tofauti yoyote.

Udhaifu wa unga huonekana pale jiwe linapofika hadi chuma. Ikiwa matayarisho yalikuwa hafifu, maji hupenya chini ya tabaka na kutu hutambaa ikiwa imefichwa, hadi rangi inapobanduka kipande kizima. Rangi ya hadina na ya makopo huonyesha kutu mapema zaidi, na kwa vyuma vya chini vinavyobeba gari, kuona mapema ni faida.

Usalama

Nyumbani ndiko kwenye hatari nyingi, na sitaki kuzipunguza kwa sababu tu kazi yenyewe inavutia. Unga ulioenea hewani hulipuka ukikutana na moto, kwa hiyo pasiwe na jiko la makaa, kifaa cha gesi wala sigara katika chumba cha kupulizia, na oveni ya gesi isitumike kamwe. Oveni ikishaoka rangi hata mara moja, isirudi kupika chakula. Moshi wa kuoka utolewe nje, na barakoa ya vumbi la chembe ndogo ivaliwe, kwa kuwa baadhi ya unga wa poliesta una kemikali yenye madhara kwa anayeivuta.

Soketi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 240 hubeba takriban kilowati 3. Oveni ndogo inatosha hapo, lakini tanuri la kuundwa linahitaji waya wake kutoka kwenye boksi la umeme, likiwekwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Ethi nayo ni sharti. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa tatu hauelekei kokote. Bila ethi ya kweli unga haushiki na wewe unaweza kupigwa shoti. Kulabu ya kuning'inizia ikwanguliwe hadi chuma kila mara, kwa sababu ikishaokwa na unga huwa kizuizi cha umeme.

Rangi ya hadina ina hatari yake isiyoonekana. Hadina nyingi zina isosayaneti, ambayo huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya karatasi haisaidii chochote. Fundi wa uwanja wa wazi hupulizia bila kinga huku watoto wakipita. Ukimpa kazi, chagua mwenye barakoa ya kweli na sehemu iliyotengwa. Ukitaka kuipuliza mwenyewe, bila vifaa vya kupumulia hewa safi usiipulize. Makopo ya kawaida yana mvuke unaolewesha na kushika moto haraka, lakini ukiyatumia nje, mbali na moto na upepo ukiwa mgongoni, ndiyo yenye hatari ndogo kuliko yote. Karakana hukuondolea hatari zote hizi, nazo hubaki kwa wafanyakazi wake.

Gharama

Bei hubadilika, kwa hiyo ni heri kuelewa muundo wake. Nyumbani gharama iko mwanzoni: bunduki, kompresa, kichujio, oveni, plagi na tepu. Baada ya hapo kipande kimoja huwa rahisi. Unga wa kawaida, ukipakwa kwa mikroni 75, hufunika karibu mita 9 za mraba kwa kilo ikiwa hakuna kinachopotea. Rimu ya chuma ya inchi 14 ina takriban nusu mita ya mraba ndani na nje, hivyo kilo moja hutosha rimu nne na kubaki hata nusu ya unga ikianguka sakafuni. Oveni ya kilowati 2.5 haiwezi kula zaidi ya yuniti 2.5 kwa saa, na unaweza kuzidisha kwa bei ya tokeni zako.

Karakana hutoza kwa kipande au kwa ukubwa, na rangi ambayo haijapangwa siku hiyo hugharimu zaidi kwa sababu lazima wasafishe bunduki na kibanda kizima. Ukikubali nyeusi au fedha, na ukasubiri siku wanayoipaka, mara nyingi utaelewana nao. Fundi wa hadina hutoza kazi na rangi pamoja. Makopo ni nafuu kwa kipande kimoja, lakini kwa rimu nne zenye praima, rangi na kilia (tabaka la juu lisilo na rangi), idadi ya makopo huongezeka haraka.

Kurekebisha

Kopo hurekebishwa na kopo. Hadina hupigwa msasa na kuunganishwa hadi kiraka kisionekane. Unga hauunganiki: unatia tone la rangi ya kawaida palipochubuka na kulikubali lionekane, au unabandua kipande kizima na kuanza upya, na kuubandua ni kazi nzito.

Nani afuate njia ipi

Kama una vipande vidogo vingi, unafungua gari au pikipiki za kale kwa mapenzi, na una kibanda chako chenye umeme wenye ethi ya kweli, basi bunduki ya nyumbani itakufaa kwa miaka. Anza na mabano na kava, usianze na kalipa. Utajifunza pia kupunguza volti za bunduki ili unga uingie kwenye kona za ndani, ambako chaji huusukuma nje. Kama unakaa ploti ya kupanga yenye mita ya pamoja, au nyumba ina watoto wadogo na hakuna chumba cha pekee, njia hii isubiri.

Mwenye Probox au Hiace ya kazi, yenye rimu za chuma na safari za kila siku kwenye barabara za vumbi, apeleke rimu zote karakana kwa poliesta nyeusi, baada ya kuuliza kuhusu plagi, kupiga mchanga na joto la chuma. Kwa karakana zilizo mbali, kusafirisha rimu nne kwa pamoja kuna maana. Kusafirisha bano moja hakuna.

Mwenye rimu za aloi asizojua historia yake, au mwenye mlango, bonati na bampa ya plastiki, aende kwa fundi wa hadina anayejikinga.

Mwenye kipande kimoja, ekzosi iliyoshika kutu, au gari analotarajia kuliuza karibuni, achukue kopo, asome maelekezo yake yote, asafishe chuma hadi king'ae, na apulize tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja nene. Na yule ambaye kalipa zake zinavuja asipake chochote kwa njia yoyote hadi sili zibadilishwe, kwa kuwa kalipa itafunguliwa tena na mafuta ya breki yatamwagika juu ya rangi mpya.